Saa Nne Tu Hadi Johannesburg

Jamila,

Barua hii haianzi na "natumaini u mzima", kwa sababu nimekuona asubuhi ukimaliza chapati tatu na najua u mzima. Naiandika dukani, Nakivubo, nimekaa katikati ya marobota ya mapazia, mlango nimeurudisha nusu ili wateja wadhani nimekwenda kuswali. Nyumbani siwezi kuandika. Nyumbani wamejaa mama zako wadogo na majirani wa Nateete nzima, kila mmoja na agizo lake: funga mlango kwa ufunguo, usile kwa watu usiowajua, vaa soksi, kule kuna baridi. Wasikilize au usiwasikilize, hayo wanayaweza wao. Mimi langu ni moja, na siwezi kulisema mbele ya watu wenye midomo mipana kiasi kile.

Jana uliniuliza mbona niliondoka mezani, nikakwambia nakwenda kuosha sufuria. Sufuria ilikuwa imeshaoshwa. Uliiona pale imefunikwa, ukanyamaza, na kwa adabu hiyo nakushukuru. Sasa nikueleze.

Aliyeanza kunichafua roho ni shemeji yangu Abasi, mume wa mdogo wangu. Unamjua Abasi. Hajawahi kupanda ndege hata ya kupigia picha, lakini tangu anunue ile simu yake kubwa amekuwa rubani. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu, kidole kinapapasa kioo, anatusomea: Entebbe hadi Johannesburg, kilomita elfu tatu kasoro kidogo, saa nne. Akainua simu tuone mstari mwekundu uliotoka ziwani kwetu ukashuka hadi kule chini, umenyooka, hauna mlima wala mpaka. Wageni wakatikisa vichwa kwa heshima, watu wazima na ndevu zao.

"Hii si mbali, banange," akasema. "Saa nne tu. Arua iko mbali kuliko hapo, basi inatembea siku muzima."

Na wewe, fundi wa lifti mwenye cheti, uliyefundishwa usiamini kamba mpaka uipime, ukacheka naye. Ukanigeukia ukasema, "Mama, ni saa nne tu. Nitakuwa nakuja hata wikendi."

Ya Abasi ni ya Abasi, debe tupu haliachi kuvuma. Lakini hayo uliyoyasema wewe hayakuwa yako. Yalikuwa yangu. Nilikufundisha mimi, kwa simu, ulipokuwa mtoto na mimi niko hukohuko Johannesburg, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja utanirudishia mezani mbele ya pilau. Ndiyo maana nilikwenda kuosha sufuria safi.

Kwanza nimalizane na simu ya Abasi. Ile simu inapima kutoka kiwanja cha ndege hadi kiwanja cha ndege. Nani anaishi kiwanjani? Mimi naishi Nateete. Kesho mtaona wenyewe: gari litakwama Kibuye, litakwama tena Najjanankumbi, dereva atatukana, na mtakuwa hamjafika hata nusu ya njia ya Entebbe. Kiwanjani nako wanakutaka uwahi saa tatu kabla, ukae kwenye kiti cha chuma ukitazama watu wanaokula vitu vya bei ya wizi. Ukishuka kule kuna foleni ya paspoti. Kuna barabara ya kukutoa kiwanjani hadi unakolala. Kuna tajiri wa kumwomba ruhusa, na tajiri hayumo kwenye ule mstari mwekundu. Kuna siku ambayo ndege imejaa na siku ambayo haipo kabisa. Kuruka kwenyewe ni kipande kidogo cha safari, na hicho ndicho pekee wanachokihesabu.

Tena kuna hila nyingine ambayo Abasi hakuisoma. Johannesburg iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukifika utarudisha saa yako nyuma, na ukitazama ukutani utaona kana kwamba umetumia saa tatu tu. Siku ya kurudi saa hiyo wanakunyang'anya, na safari ileile inaonekana ni saa tano. Mimi nililigundua hilo siku niliyofika, nikafurahi kama mtu aliyeongezewa nyanya moja sokoni. Nilidhani nimepata faida.

Amekuja mteja sasa hivi, ameinama chini ya mlango akataka mapazia "kama ya hoteli". Nimemuuliza hoteli gani. Hajui. Nimemwambia akalale humo kwanza kisha arudi. Mama yako leo hauzi kitu.

Niliondoka ukiwa na miaka mitatu. Baba yako alikuwa ameshaoa kwingine na hakuwa na habari nasi, na Bibi yako, mama yangu, akasema nikuache kwake niende nikatafute. Nilikwenda kusuka nywele ndani ya ghorofa moja katikati ya mji, wanawake wa kila pembe ya Afrika tumepangwa kwenye viti vya plastiki. Sikwambii haya ili unionee huruma. Kazi ilikuwa nzuri, nilicheka sana, na nilidharau watu sana.

Niliyemdharau kuliko wote ni Mama Chikondi, Mmalawi aliyekaa kiti cha pili kutoka changu. Kila Desemba mwanamke yule alifunga marobota yake kwa kamba ya kijani, mablanketi na masufuria, na mwaka mmoja baiskeli ya mtoto, akapanda basi la kwao. Siku mbili barabarani, analala amekaa, mipakani anapekuliwa kama mwizi. Alirudi miguu imevimba. Nami nilimwambia mbele ya wateja kwamba sisi watu wa Kampala hatusafiri na kuku. Kwetu ni ndege, saa nne, unakunywa soda moja umefika. Wateja wakacheka. Yeye aliendelea kusuka.

Mwanamke huyo wa siku mbili alikwenda kwao kila mwaka. Mimi wa saa nne sikuja hata mara moja kwa miaka sita.

Nimelifikiria sana jambo hili, nimelifikiria kuliko mapazia. Sikuwa nimekusahau, na atakayekwambia hivyo mtemee mate. Shida ni kwamba kwa Mama Chikondi kwao kulikuwa mbali, basi alijiandaa. Kufika Agosti alishaanza kununua kamba. Kwangu kulikuwa karibu, na mtu hajiandai kwenda mahali palipo karibu. Idi hii nimechoka, nitakwenda Idi ijayo, ni saa nne tu, kwani Nateete itahama? Idi ijayo nayo ilikuja na uchovu wake. Halafu kulikuwa na fahari. Nitashukaje Entebbe na mkoba mmoja, watu watasema nini? Nikajificha nyuma ya ile methali ya waoga, mkono mtupu haulambwi, nikangoja sanduku lijae. Sanduku la mwenye fahari halijai, Jamila. Kila unapotia kitu unaona aibu ya kile ambacho hujatia. Na basi sikuweza kulipanda, kwa kuwa nilikwisha kumcheka Mama Chikondi mbele ya watu.

Wewe ulikuwa ukiniuliza kwenye simu, "Mama, saa nne ni ngapi?" Nikacheka, nikakwambia kamuulize Bibi. Bibi hakuwa mtu wa kumdanganya mtoto kwa maneno matamu. Alikwambia ni kutoka chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana. Mjomba wako Haruna alikuja kunisimulia baadaye kwamba ulianza kunywa chai yako harakaharaka, ukitoka hapo unakwenda kukaa kwenye geti mpaka uitwe kula. Haikuwa siku moja. Ulifanya hivyo mpaka ulipoanza shule. Wewe hukumbuki, na siku zote nimemshukuru Mungu kwamba hukumbuki. Leo nakwambia kwa sababu jana ulilitamka neno lile ukicheka.

Ya kifo cha Bibi umeyasikia kwa mama zako wadogo, na wao wanayasimulia vibaya. Wananitia machozi kuanzia mwanzo, wananifanya yatima wa kwenye filamu. Mwanzoni hapakuwa na machozi. Palikuwa na kiburi.

Bibi yako alikuwa na ombi moja tangu nikiwa mtoto: akifa asicheleweshwe. Kila tulipopita msiba ambapo maiti amewekwa anangojewa mkubwa fulani atoke Ulaya, alisonya. Alisema binadamu anangojwa akiwa hai, akishakufa ni haki yake kuondoka. Nateete nzima ililijua ombi hilo. Alifariki alfajiri, na Haruna akanipigia mimi niko nje nanunua mkate. Akasema maziko ni saa kumi alasiri, kama ilivyo kwetu. Kisha akashusha sauti, maana naye alilijua ombi la mama yetu.

"Dada, utawahi?"

"Nisubirini," nikamwambia. "Ni saa nne tu."

Nikakata simu, nikahesabu kwa vidole mkate ukiwa kwapani. Nikiondoka sasa, adhuhuri niko Entebbe. Alasiri kabla ya saa kumi niko nyumbani, nimemwosha mama yangu kwa mikono yangu, kwa sababu kumwosha mama ni haki ya binti na hakuna wa kunitangulia. Hesabu ilikuwa safi kabisa. Ilichokosa ni ndege. Kijana wa ofisi ya tiketi aliniambia ya siku hiyo imejaa. Iliyokuwapo ilipitia Nairobi, inafika huko giza limeshaingia, na ya kuendelea Entebbe ni kesho yake. Mtu mwenye akili angempigia ndugu yake hapohapo na kumwambia, mzikeni. Mimi nilimpigia nikamwambia niko njiani.

Haruna akaniamini. Waliokuja kuzika saa kumi wakaambiwa wasubiri kidogo. Wali uliopikwa ukaliwa, ukapikwa mwingine. Kaburi likakaa wazi, wakalifunika kwa mabati. Wazee wakamkalia Haruna kooni, naye akanitetea, yeye mwalimu wa madrasa anayewafundisha watoto kila siku kwamba maiti aharakishwe. Na wewe, ukiwa na miaka tisa, ulikaa mlangoni mwa chumba alicholala Bibi ukakataa kuondolewa. Kila aliyekuuliza mama yako yuko wapi ulimjibu lilelile: anakuja, ni saa nne tu. Uliwajibu hivyo mchana ule, ukawajibu hivyo jioni, ukaamka asubuhi ukawajibu tena.

Asubuhi hiyo ya pili imamu alimshika Haruna bega. "Mwalimu," akamwambia, "maiti hasubiri ndege."

Jirani ndiye aliyemwosha. Wakamzika kabla ya adhuhuri. Wakati huo nilikuwa Entebbe kwenye foleni ya paspoti, nimevaa miwani ya jua na viatu vya kisigino kirefu, kwa sababu hata siku hiyo sikutaka kushuka kama mtu wa basi. Hilo mama zako wadogo hawalisimulii, nadhani wanalionea aibu, lakini mimi nataka ulijue. Nilipofika nyumbani wanawake walikuwa wanasugua masufuria. Ulinitazama. Ukapiga magoti ukaniamkia vizuri, kama unavyomwamkia mgeni wa heshima, ukaenda kuniletea maji ya kunywa.

Watu huniambia nijisamehe. Haruna mwenyewe ameniambia, na yeye ndiye aliyebeba aibu yote siku ile. Nawaheshimu, lakini sitaki. Mama yangu aliomba jambo moja tu duniani, nikamlaza mchana kutwa na usiku kucha akiningoja mimi na hesabu yangu ya vidole. Najidharau kwa hilo hadi leo, na dharau hiyo imenifaa kuliko msamaha. Ndiyo iliyonikalisha Nateete nikakulea. Ndiyo inayonifanya nisonye nikimsikia mtu anasema kwao ni karibu.

Sikurudi tena Johannesburg. Baada ya wiki kadhaa dereva mmoja wa basi alifika hapa Nakivubo akiulizia jina langu, ana robota. Zilikuwa nguo zangu. Mama Chikondi alizikusanya, akazifua, akamkabidhi mtu anayemjua, na mtu yule akamkabidhi mwingine, zikavuka mipaka sijui mingapi hadi zikanifikia. Zilikuwa zimefungwa kwa ile kamba ya kijani. Nilikaa nikaitazama kamba hadi dereva akaniuliza kama kuna kilichopungua. Hakikupungua kitu. Barabara ilikuwapo miaka yote sita, hata magauni yangu yaliijua.

Utasema siku hizi mambo yamebadilika, kuna simu za picha, tutaonana kila siku. Tutaonana ndiyo. Nitakuonyesha meno, utanionyesha meno, utaniambia umekula, nami sitajua kama umekonda kwa sababu utaishika simu kwa juu kama mnavyoishika nyote. Hakuna aliyemwosha mama yake kwa simu. Piga, nitapokea, lakini usije ukaniambia kwamba huko ni kuja.

Kwa hiyo nenda. Sikuzuii, na wala usifikiri barua hii ni kamba ya kukufungia mguu. Nenda ukapande maghorofa yao marefu, ukatengeneze lifti zao, ukawaonyeshe kwamba mtoto wa Nateete haogopi shimo. Nilipoona jina lako kwenye ile barua ya kazi nilifurahi mpaka nikampunguzia mteja bei, jambo ambalo halijatokea tena. Naomba tu neno lile usilitamke kwangu. Sema kuko mbali. Ukisema kuko mbali nitajua umeshaanza kutafuta ruhusa kwa tajiri, umeshauliza ndege gani ina nafasi, umeshanunua kamba. Ukisema ni saa nne tu nitajua huji.

Na siku ya kuja, njoo na mikono mitupu. Njoo na nguo ulizotoka nazo kazini, zina grisi, nitazifua mimi. Ndege ikikushinda panda basi, ulale umekaa, ufike miguu imevimba, nami nitaikanda kwa maji ya chumvi na sitamcheka mtu. Abasi akikuuliza umemletea zawadi gani, mwambie umemletea kilomita elfu tatu kasoro kidogo.

Kesho sitakuja Entebbe. Wamekodi gari, na watalijaza. Watasimama nje, maana ndani hawaruhusiwi, watapiga picha na sanduku lako, na watalia watu ambao ulipolazwa na malaria hawakukuletea hata chungwa. Waachie wafurahi, safari ya mtu ni sherehe ya wengine. Lakini mimi siwezi kusimama pale nikimsikia Abasi akisoma dakika. Nitakuaga nyumbani, mlangoni mwa chumba kile cha Bibi ulipokaa wewe. Kisha nitakuja kufungua duka.

Limebaki moja, na usishtuke. Siumwi. Usimpigie Mama Mdogo kumuuliza kwa siri kama naumwa, kwa sababu ataongeza chumvi na mtaa mzima utaniletea supu. Nimekwenda kwa mjomba wako Haruna juzi, nikamwambia mbele ya mkewe ili kuwe na shahidi. Nimemwambia siku yangu ikifika wasikusubiri. Uwe umepokea simu au hukupokea, uwe kazini au angani, saa kumi ni saa kumi.

Haruna akaniuliza, "Hata akisema yuko njiani?"

Nikamwambia, "Hasa akisema yuko njiani."

Usidhani ni adhabu. Nakuondolea mzigo nilioubeba mimi, usije ukamlaza mtu akikungoja, na usije ukawakalisha watu na wali wao wakibishana juu yako. Ukikosa kunizika hutakuwa umenikosea kitu. Kama kuna kuniosha mikono, kunisuka, kunigombeza kwa sababu ya chumvi, kuniambia nilikuwa mama mbaya miaka ile sita, njoo uyafanye nikiwa nayasikia.

Na Haruna ndiye niliyemkataza, Jamila. Mimi sijakatazwa na mtu. Maadamu niko hai nitakusubiri mwenyewe, pale kwenye geti, kutoka chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana.

Mama yako